UZI: Siku nzima ya Januari na ndege wa maji kwenye mabwawa ya Rutland na Eyebrook, Uingereza

Mwana_Nansio (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, nitauweka vipande vipande kadiri ninavyotoka kazini. Ni habari ya siku moja tu, Jumapili ya katikati ya Januari, niliyoitumia kutazama ndege wa maji kwenye mabwawa mawili ya katikati ya Uingereza. Mimi ni mzaliwa wa Nansio, Ukerewe, na huu ni mwaka wangu wa sita Leicester. Miaka minne ya kwanza msimu wa baridi ulikuwa kifungo kwangu. Usiku kazini, mchana kulala, pazia limefungwa, simu imejaa picha za nyumbani. Walionitoa ndani ni bata. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, leo naliandika.

Kipande cha 1: Egleton, kabla ya jua

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza totoro, mimi na kaka mmoja wa Kalemie, ng'ambo ya Tanganyika, tunayefanya naye kazi. Gari lake, mafuta yangu. Januari huku jua linachomoza yapata saa mbili na dakika kumi asubuhi, na saa kumi na dakika ishirini jioni limeshazama. Ukichelewa kuamka umeipoteza siku.

Rutland Water ni bwawa la maji ya bomba. Miaka ya 1970 walilizibia bonde la mto mdogo uitwao Gwash kwa ukuta wa udongo karibu na kijiji cha Empingham. Ila mto wenyewe hautoshi kulijaza. Maji mengi yanasukumwa kwa pampu kutoka mito miwili mikubwa zaidi, Welland na Nene. Kwa eneo ndilo bwawa kubwa kuliko yote England, kama kilomita za mraba 12. Kijiji cha Nether Hambleton kililala chini ya maji. Kanisa la Normanton lilinusurika kwa kujazwa kifusi na zege nusu ya chini, na leo limesimama ukingoni kabisa, madirisha yake ya juu tu ndiyo yanayoonekana.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo uzi wangu ulipo. Bwawa la maji ya kunywa hupanda na kushuka. Kiangazi watu wanakunywa, maji yanarudi nyuma, ufukwe unabaki tope kavu. Ndege wa kina kifupi hawawezi kuishi hivyo. Sasa, wakati bwawa bado linajengwa, upande wa magharibi, pale Egleton, walijenga matuta yaliyotenga maziwa madogo ambayo kina chake kinadhibitiwa peke yake. Hifadhi ilipangwa pamoja na ukuta, kabla ya tone la kwanza. Leo majira ya baridi ndege wa maji hapo huzidi 20,000, na tangu 1991 ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Tuliegesha, tukalipa kiingilio, tukatembea. Nyasi zilikuwa zimeganda, kila hatua inalia kama unakanyaga mabua makavu. Hatukuona chochote bado. Tukasikia. Mluzi mmoja mwembamba, unapanda halafu unashuka, *wiiyoo*, kisha mwingine, kisha mamia. Kaka wa Kalemie akasimama katikati ya njia, mikono kwapani: "Hii baridi iko mubaya sana, lakini sikia!"

Hao ni wijoni. Bata wa wastani, dume ana kichwa cha rangi ya kutu na mstari wa njano pajini kama amepakwa mchanga wa dhahabu. Tulipoingia kwenye kibanda cha kutazamia na kufungua kidirisha, walikuwa wametapakaa kwenye majani kama mbuzi. Ndiyo, wanachunga: wanakula nyasi wakitembea, wote wamegeukia upande mmoja. Alipopita mwewe mmoja juu waliinuka kwa pamoja na kurudi majini, na sauti ya mabawa yao niliihisi kifuani.

Wijoni hawa wanazaliana Iceland, Skandinavia na Siberia. Huko maziwa yakigeuka jiwe wanakuja hapa, mahali ninapovaa soksi mbili na koti mbili, kwa sababu kwao hapa ndipo penye joto. Siku nilipoelezwa hivyo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kwenye kibanda hichohicho. Miaka minne nilikuwa nimeitazama baridi hii kama adhabu, na kumbe kuna kiumbe amepiga mabawa maelfu ya kilomita akiitafuta. Sisemi baridi ilipungua. Ila nilianza kuifungulia pazia.

Nyuma ya wijoni kulikuwa na bata wenye mdomo mpana kama mwiko. Hawa ukiwatazama dakika kumi hutajuta: wanazunguka duara, kila mmoja mdomo kwenye maji nyuma ya mkia wa mwenzake, wanatibua chakula kutoka chini na kuchuja kwa vijino laini vya pembeni mwa mdomo. Pembeni kuna mchezo mwingine. Kukuziwa, yule mweusi mwenye paji jeupe, anazama na kuibuka na majani ya chini ya maji. Bata wa kijivu aitwaye gadwali hawezi kuzama hivyo, basi anamsubiri juu. Kukuziwa akitokea tu, ananyang'anywa. Anazama tena. Niliwahesabia mara saba.

Na kabla ya kuondoka Egleton, wawili niliowajua kutoka nyumbani. Yangeyange, mweupe pe, amesimama kwenye barafu nyembamba ya ukingoni, mguu mmoja juu. Yangeyange mdogo alizaliana England kwa mara ya kwanza 1996 tu. Sasa utamwona karibu kila bwawa la kusini na kati. Wa pili ni yule bata bukini wa Misri mwenye doa la kahawia jichoni, ambaye mtu wa Naivasha au Manyara anamwona kila siku. Waliletwa karne nyingi zilizopita kupamba bustani za matajiri, wakatoroka, wakazaana. Walikuwa wawili juu ya kisiki chenye barafu, wanapiga kelele ileile.

Nitaendelea kesho.

---

Kijana_wa_Kirumba

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho nikiwa kwenye kivuko. Hapa Mwanza mnandi nawaona kila asubuhi juu ya mawe ya ziwa, wametandaza mabawa kukausha, sijawahi kufikiri kama kuna mtu anaweza kuandika hivi kuhusu bata. Maswali mawili. Moja, miguu yao haigandi? Ni ngozi tupu ile. Pili, kama wanakimbia baridi, kwa nini wasije moja kwa moja kwetu, wanakomea njiani kwenye baridi nyingine?

---

Naivasha_Kwetu

Habari zenu wote. Swali la pili acha nijaribu, kwa sababu wengine wanakuja kabisa, ndugu yangu. Huyo bata wa mdomo wa mwiko tunaye Naivasha na Nakuru. Kuna na bata mwembamba mwenye mkia kama sindano, na yule mdogo wa nyusi nyeupe, ambaye Ulaya yote humkosa wakati wa baridi kwa sababu karibu wote huingia Afrika. Wanafika kuanzia Oktoba, Novemba, na ikifika mwisho wa Machi utashangaa ziwa limebaki na wenyeji tu.

Nionavyo mimi, kila aina ina hesabu yake. Safari ni mafuta ya mwilini. Anayekula nyasi, kama huyo wijoni, akipata nyasi zisizofunikwa na theluji ana sababu gani ya kuvuka Sahara? Anayekula wadudu wa majini lazima afike mahali ambapo maji hayagandi hata siku moja. Mbayuwayu ndio kabisa, chakula chake kinaruka hewani, England Januari hakuna kitu hewani, kwa hivyo anakwenda mpaka Afrika Kusini.

Mimi hushiriki ile hesabu ya Januari ya ndege wa maji. Inafanyika wakati mmoja na nchi nyingi duniani, na maziwa yetu ya Bonde la Ufa yamehesabiwa hivyo tangu miaka ya 1990. Tunagawana ufukwe, kila kundi na kipande chake, wengine kwa boti, na kila kundi lina mtu wa kuandika tu, hatazami. Tangu maji ya maziwa yapande, njia tulizokuwa tunapita kwa miguu ziko chini ya maji, na flamingo waliokuwa wanajaza Nakuru wametawanyika kwenda Bogoria na kwingineko. Bila daftari za miaka ya nyuma tungekuwa tunabishana tu kama walikuwa wengi ama hawakuwa.

---

Mganga_wa_Mifugo

Swali la miguu ni langu. Ndani ya mguu wa bata, ateri inayoshusha damu ya moto imelazwa bega kwa bega na vena zinazopandisha damu baridi. Joto linahama kutoka ateri kwenda vena kabla halijafika chini. Kwa hiyo damu inayofika kwenye vidole ni ya baridi tayari, juu kidogo tu ya kuganda, na joto linarudi tumboni bila kupotea majini. Isitoshe, kwenye mguu kuna mishipa, mifupa na ngozi, nyama karibu hakuna. Misuli inayouendesha iko juu, ndani ya manyoya. Na manyoya yenyewe hayalowi kwa sababu bata hujipaka mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia kila wakati. Ukimwona anajikwaruza mgongo kwa mdomo, ndiyo kazi anayofanya.

Mwana_Nansio, kwa heshima, ongeza onyo moja kwenye uzi wako. Homa ya mafua ya ndege iliua ndege wengi sana Uingereza kati ya 2021 na 2023, na bado ipo duniani. Ukikuta bata au bukini amekufa ufukweni usimguse, usimwache mbwa wala mtoto amguse, toa taarifa kwa wenye eneo. Na viatu visafishwe kabla ya kuingia kwenye banda la kuku.

---

Mwana_Nansio

Nashukuru daktari, onyo nimelipokea. Pale mlangoni Egleton kulikuwa na tangazo la jambo hilohilo.

Naivasha_Kwetu, hapo kwenye mwandishi asiyetazama umenifundisha. Mimi natazama na kuandika mwenyewe, na nikiinama kuandika ndipo wanaporuka.

Kipande cha 2: Lyndon, kiota kitupu

Saa tano tulizunguka kwa gari hadi ng'ambo ya kusini, Lyndon. Kwenye ghuba ya Manton kuna mlingoti umesimama majini, juu yake jukwaa lenye rundo la matawi makavu. Hakuna ndege. Tulikaa pale karibu nusu saa tukitazama matawi.

Hicho ni kiota cha furukombe, yule mbuai wa samaki mwenye tumbo jeupe na mstari mweusi unaopita jichoni. Kama hujawahi kumwona akivua: anatulia angani, anapiga mabawa palepale, halafu anashuka miguu mbele na kuzama karibu mwili mzima. Nyayo zake zina vijimiba, na kidole cha nje kinaweza kugeuka nyuma, vidole viwili mbele viwili nyuma, samaki hatelezi. Akipaa naye anamlaza kichwa mbele, ili upepo usimsumbue.

England ilikuwa imempoteza kabisa kama ndege wa kuzaliana. Walimpiga risasi, walikusanya mayai yake, na kwa zaidi ya miaka 150 hakukuwa na kiota. Kuanzia 1996 hadi 2001 waliletwa makinda 64 kutoka Scotland, wakalelewa hapa Rutland kwenye vizimba virefu, wakalishwa samaki bila kumwona anayewalisha, kisha wakaachiwa. Kinda wa furukombe huondoka peke yake mwisho wa kiangazi, bila baba wala mama, akashika njia ya Afrika Magharibi: Senegal, Gambia, Guinea. Hukaa huko hadi mwaka wake wa pili au zaidi. Waliowaleta walibaki na milingoti mitupu, wakisubiri. 2001 jozi ya kwanza ililea kinda hapa.

Kaka wa Kalemie aliniuliza kama aliyeachiwa hapa anarudi hapa au Scotland alikozaliwa. Anarudi hapa. Alikojifunza kuruka ndiko kwao. Tulinywa chai ya chupa, hatukuzungumza sana. Yeye aliondoka Kalemie akiwa na miaka tisa.

Kabla ya kuhama Lyndon, jambo la pembeni ambalo halihusu ndege lakini siwezi kuliacha. Januari 2021, walipokuwa wamekausha moja ya maziwa yale madogo kwa ukarabati, mfanyakazi wa hifadhi aliona kitu kwenye tope kama bomba lililopangwa vipande. Ilikuwa ni uti wa mgongo wa iktiosauri, mnyama wa baharini wa kale, urefu wa mita 10 hivi, umri wa takriban miaka milioni 180. Alikuwa amelala chini ya miguu ya bata muda wote ule.

---

Mzee_wa_Ruwi

Assalaam aleikum wanangu. Mimi niko Muscat, asili yetu Unguja. Furukombe huyo huku tunaye pwani mwaka mzima, baharini. Lakini kwa habari ya maziwa ya bara, Muscat hatuna ziwa la Mungu hata moja. Tulilonalo ni Al Ansab, mabwawa yanayotokana na maji taka yaliyosafishwa. Msiyadharau. Nchi kavu kama hii, ndege aliyetoka Siberia akiona maji matamu kutoka juu, atashuka. Desemba na Januari nakwenda na wajukuu baada ya sala ya alfajiri: bata wa mwiko, flamingo, korongo wa kijivu, na vibisi, wale ndege wa maji wanaozama. Hapo baridi yetu ni nyuzi 18 na wajukuu wanavaa majaketi. Mwanangu wa Nansio, wewe ulikuwa na nyuzi ngapi?

---

Mwana_Nansio

Waaleikum salaam, shikamoo mzee. Asubuhi ilikuwa nyuzi 3 chini ya sifuri, mchana ikafika 2 juu.

---

Fundi_Umeme_Dom

Mkuu heshima yako. Nina swali la dhati, si la kukukatisha tamaa. Mtu ametoka kazini amechoka, anaamka usiku Jumapili, anakaa kwenye kibanda cha mbao nyuzi 3 chini ya sifuri. Kuna faida gani kwa jamii? Na vifaa si bei kubwa?

---

Mwana_Nansio

Swali zuri ndugu. Vifaa kwanza maana ni rahisi: darubini yangu ni 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, ambao unaingiza mwanga wa kutosha asubuhi na jioni. Niliinunua pauni 40 kwenye duka la mitumba la hisani. Usikimbilie yenye kukuza mara 12 au 20, mkono unatetemeka na ndege hutamwona. Daftari na penseli. Kalamu ya wino huganda. Buti zisizopitisha maji, na kitu cha kukalia, maana benchi la mbao hunyonya joto la mwili.

Faida kwa jamii nitaijibu kwenye kipande cha tatu, kwa sababu nilikutana nayo siku hiyohiyo.

Kipande cha 3: Eyebrook, mpaka giza

Eyebrook liko kusini ya Rutland, mwendo mfupi kwa gari. Ni dogo na ni la zamani zaidi, lilijengwa kuanzia 1937 hadi 1940 kwa ajili ya kiwanda cha chuma cha Corby. Mei 1943 marubani wa Uingereza walilitumia kufanyia mazoezi ya usiku, kuruka chini kabisa juu ya maji, kabla ya kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani. Barabara inapita ufukweni kabisa, huhitaji kibanda, unasimama kando na kutazama juu ya ukuta.

Nilikwenda nikiwa na ndege mmoja kichwani: smyu. Bata mdogo mweupe, dume ana mistari myeusi myembamba kama barafu iliyopasuka. Miaka iliyopita watu walikuwa wakimwona kwenye bwawa hili karibu kila msimu wa baridi. Nilipitisha darubini ufukwe wote mara tatu. Kulikuwa na bata wa jicho la dhahabu, madume yanarusha kichwa nyuma mpaka kisogo kinagusa mgongo. Kulikuwa na vibisi vikubwa, na mnandi wengi kwenye miti isiyo na majani, miti imegeuka myeupe kwa mavi yao, sawasawa na visiwani kwetu. Halafu nikamwona bata mwenye kichwa cha kahawia na shavu jeupe, nikamwambia kaka wa Kalemie, "Huyo, smyu jike!"

Mama mmoja mtu mzima, Mwingereza, alikuwa amesimama na teleskopu yake hatua chache kutoka kwetu. Aliniuliza kwa upole kama ningependa kutazama kwenye chombo chake. Nikatazama. Mdomo mwembamba mwekundu wenye ncha iliyopinda, mwili mrefu, kishungi kisogoni. Alikuwa gusanda jike, bata mwingine kabisa. Akanionyesha mpaka wa kahawia na nyeupe shingoni ulivyokatika kama umekatwa kwa wembe. Hiyo alama sitaisahau tena.

Nikamuuliza kuhusu smyu. Akaniambia amekuwa akihesabu bwawa hili kila mwezi kwa miaka mingi, Jumapili moja kwa mwezi, kwa ajili ya hesabu ya taifa ya ndege wa maji. Smyu wamepungua kwenye daftari lake mwaka hadi mwaka. Lakini hawajafa wote, akasema, wamebaki nyuma. Bahari ya Baltiki haigandi kama zamani, kwa hiyo bata aliyekuwa analazimika kufika England sasa anakomea Sweden au Poland. Safari imefupishwa na joto.

Ndugu Fundi_Umeme, jibu langu ni daftari la mama yule. Hakuna aliyemlipa. Amesimama kwenye upepo na penseli, na kwa sababu hiyo nchi yake inajua kwa namba kwamba msimu wa baridi umebadilika na ndege wameitikia. Hifadhi zinapangwa kwa namba hizo, wapi pazuiwe boti, wapi kina kishushwe. Mimi nilikulia Ukerewe, baba yangu alikuwa anavua dagaa kwa karabai, na asubuhi alitazama mdiria waliko ili ajue dagaa waliko. Alikuwa na elimu hiyo yote, na haikuandikwa popote. Alipofariki ilikwenda naye. Hilo linaniuma mpaka leo.

Saa kumi kasoro mwanga ulianza kuwa wa rangi ya majivu. Shakwe walianza kuja kutoka mashambani na majalalani, makundi kwa makundi, wanashuka katikati ya maji kulala. Kwanza mia, kisha hukuweza tena kuona maji. Na gusanda wakaingia. Hawa mchana wametawanyika kwenye mito, jioni wanarudi bwawani kulala pamoja. Wanakuja chini, haraka, shingo imenyooka, wawili, watano, wanane, na wakigusa maji wanaacha mistari mirefu. Mama yule alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini na mimi nikawa namwandikia.

Hapo ndipo nilipoelewa ulichosema Naivasha_Kwetu, kwamba mmoja atazame na mwingine aandike.

Tulipomaliza alitazama daftari, akasema namba zangu zinasomeka vizuri, na akaniuliza kama Februari nitakuja.

---

Kijana_wa_Kirumba

Habari ya baba na mdiria imenigusa sana. Mzee wangu naye ni mvuvi, bado yuko hai. Wikiendi hii nakwenda na daftari.

---

BintiMtera

Habari za jioni kaka zangu. Mimi ni mwalimu, niko kijiji cha jirani na bwawa la Mtera, upande wa Iringa. Nimesoma uzi huu kwa siku tatu na nimepata uchungu kidogo na furaha kidogo. Bwawa letu lilijengwa kutunza maji ya umeme wa Kidatu, lina zaidi ya miaka 40, na ukipita barabara ya Dodoma utaona ile miti mikavu imesimama majini, mnandi na mwari wamekaa juu yake. Watu wanasimamisha mabasi kununua samaki, hawatazami juu. Maji yakishuka yanashuka kweli, tope linaenea kilomita na kilomita, na kaka ameeleza vizuri kwamba hilo lingeweza kupangwa. Kwetu halikupangwa. Na sasa kuna Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, limeanza kujazwa Desemba 2022. Maji mapya makubwa vile lazima kuna ndege wameshaanza kushuka. Natamani kila Januari kuwe na watu ufukweni mwake na daftari, kuanzia miaka hii ya mwanzo.

Swali langu. Jana nilikwenda na mjomba kwa mtumbwi. Tulimwona ndege mkubwa, si yule tai wa kichwa cheupe anayelia sana, huyu alikuwa kimya. Tumbo jeupe, mabawa marefu yamepinda kwenye kiwiko, na uso una mstari mweusi. Alizama miguu mbele, akatoka na perege. Wavuvi wa hapa wanamwita tai tu. Ila nilichokiona baada ya kusoma kipande cha pili ni kwamba yule samaki alikuwa amelazwa kichwa mbele.

---

Mwana_Nansio

Dada, huyo ni furukombe. Nimesimama jikoni nasoma ujumbe wako.

Sio wa Rutland, wa kwetu hapa wanakwenda magharibi, Senegal na Gambia. Wanaofika Afrika Mashariki wengi wanatoka upande wa Finland na Urusi. Lakini naye ameacha kiota kitupu mahali, chenye theluji juu yake sasa hivi, na ikifika Machi ataondoka Mtera kurudi. Ukimpata tena tazama miguu. Wengi huvishwa pete wakiwa makinda. Ukiona pete ya rangi, andika rangi, mguu wa kulia au wa kushoto, na herufi zozote utakazoweza kusoma. Andika pia tarehe, saa, na hata kama hukuona pete, andika kwamba hukuona.

---

BintiMtera

Nimekwenda leo alfajiri, nimemchukua na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita awe mwandishi. Alikuwepo kwenye mti uleule mkavu, wa tatu kutoka mdomo wa mto. Mguu wa kushoto hauna kitu. Wa kulia ulikuwa umefichwa na samaki. Tumesubiri mpaka saa tatu akamaliza kula, lakini upepo ukaanza na mtumbwi ukawa hautulii. Mwanafunzi ameandika: mguu wa kulia, bado. Kesho tunarudi.